Dawa ya magugu imemwagika dukani: maji au mchanga?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina duka la pembejeo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Wiki iliyopita dumu la lita 20 la dawa ya magugu lilidondoka begani kwa kuli, likapasuka ubavuni. Harufu ilikuwa kali kama ya rangi ya mafuta. Kijana wangu alikimbilia ndoo ya maji ili aisukume mtaroni. Nikamzuia, nikamwagia mchanga wa mafundi walio jirani, tukauzoa na kuutupa nyuma ya duka chini ya mwembe. Sasa, ukuta mmoja na mimi yuko fundi wa kuchomelea mageti, na barazani kuna mama anayeuza chai na chapati kwa jiko la mkaa. Usiku ule sikulala. Je, dawa hizi zinashika moto kama petroli? Zikishika, nizime kwa kitu gani? Na nilifanya sawa?"

Marahaba mwanangu. Nianze na lile la mwisho. Kumwaga mchanga ulifanya sawa, kuutupa chini ya mwembe hukufanya sawa, na huo mwembe nitaurudia. Kijana wako usimkaripie. Sote tumelelewa hivyo: kitu kikimwagika, mkono unatafuta ndoo kabla kichwa hakijauliza kimemwagika nini.

Mimi yalinikuta. Nilikuwa kijana, mtunza ghala wa chama kimoja cha ushirika huko Tabora. Katoni ikaloa chini, chupa tatu za dawa ya magugu zikavuja. Nikavuta mpira wa maji, nikaosha sakafu mpaka ikang'aa. Maji yalitoka mlangoni meupe kama maziwa, nami nikajisifu kwamba uchafu unatoka. Kesho yake alfajiri jirani aliyefuga perege bondeni alikuja kunigongea, ameshika samaki wawili mkononi, hasemi neno. Deni lile nililipa kwa miezi. Hadi leo nikiona mtaro una weupe ule, najua kuna mtu kaosha.

Weupe huo unaeleza karibu kila kitu unachouliza. Dawa nyingi zenye harufu ya rangi kiini chake hakikubali maji. Kwa hiyo kiwandani hukiyeyusha ndani ya kiyeyusho kitokanacho na petroli ghafi, kama zailini au nafta nzito, kisha hutia kitu kinachofanya kazi ya sabuni ili mkulima akimimina kwenye bomba la kupulizia, dawa ikubali kuchanganyika na maji. Ikikutana na maji tu, inakuwa maziwa. Kwa mkulima hiyo ni neema. Ikimwagika dukani ni balaa. Dizeli ikiingia mtaroni huelea juu, unaweza kuikinga na kuichota. Hii inajigawa vitone vidogo mno, inasafiri na maji mpaka yanakoishia, na hakuna wa kuichota. Kwenu Mwanga, maji ya mtaro yanakoishia unakujua kuliko mimi.

Sasa moto. Chukua chupa yoyote rafuni usome herufi zinazofuata jina la dawa na namba yake. Ukiona EC, ndani mna kiyeyusho, na hiyo ichukulie kuwa inawaka mpaka lebo ikuambie vinginevyo. SL imeyeyushwa kwa maji. SC ni chembe laini zilizotandazwa ndani ya maji. Hizi mbili hazishiki moto kama EC, ingawa duka likiungua, chupa na katoni zake zitaungua na moshi wake utakuwa sumu vilevile. Glaifoseti nyingi ni SL. Dawa za mahindi kama asetoklori na S-metolaklori mara nyingi ni EC. Angalia sana 2,4-D, maana huja kwa sura mbili chini ya jina moja: ya amini huwa SL, ya esta huwa EC. Mteja hajali tofauti hiyo, lakini wewe mwenye ghala inakuhusu.

Kuna mtego mwingine hapo kwenye lebo, na nimewaona hata mabwana shamba wakinaswa. Ule utepe wa rangi ulio chini, yaani nyekundu, njano, bluu au kijani, unazungumzia ukali wa sumu kwa mwili wa binadamu, basi. Kuhusu moto haujui lolote. Chupa yenye utepe wa kijani inaweza kuwaka vizuri sana. Parakwati kwa upande wake imeyeyushwa kwa maji, haiwaki, lakini funda moja linaua na dawa ya kuiondoa mwilini haipo. Moto una alama yake yenyewe: picha ya mwali ndani ya pembenne iliyosimama kwa ncha, yenye mpaka mwekundu. Itafute hiyo.

Je, ni kama petroli? Hapana, lakini usishangilie. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Mafuta ya taa yanahitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Zailini inasimama kati, kwenye nyuzi 27 hivi, na nafta nzito hupita 60. Kwa hiyo EC mbili zilizokaa rafu moja zinaweza kutofautiana sana, kutegemea kiwanda kilitumia kiyeyusho gani. Msambazaji wako mwombe karatasi ya usalama ya kila dawa. Joto hilo la kutoa mvuke unaoweza kuwaka limeandikwa kwenye sehemu ya 9. Ukishalijua, lilinganishe na ghala lako. Kigoma mchana nyuzi 28 au 29 ni jambo la kawaida, na chini ya bati lisilo na dari joto linapanda zaidi ya hapo. Maana yake, dawa yenye zailini ikimwagika dukani kwako saa nane mchana, mvuke wa kuwaka tayari upo. Kinachosubiriwa ni cheche.

Na mvuke huo haupandi juu kama moshi. Wa zailini ni mzito zaidi ya mara tatu kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, hushuka ngazi za baraza. Unaweza kumwaga dawa kona ya nyuma, mwali ukaanzia jikoni kwa mama chapati na kurudi mbio hadi ulipo. Ndiyo maana siku ile kazi yako ya kwanza ilikuwa nje ya duka. Ulipaswa kumwomba mama ahamishe jiko lake mbali, upande unakotoka upepo, na kumwambia fundi azime mashine na aache kusaga chuma. Mchanga ungefuata baadaye.

Umeme nao watu huuelewa vibaya. Harufu ikishajaa, wengi hukimbilia kuzima swichi ya taa, na swichi hutoa cheche ikizimwa sawa na ikiwashwa. Iliyowaka iache iwake, iliyozimwa iache hivyo, friji ya soda usiiguse. Kama swichi kuu iko nje mbali na harufu, kata umeme huko. Simu pigia nje. Fungua milango ya pande zote mbili hewa ipite, toa wateja, usimruhusu mtu kurudi kufuata mkoba.

Halafu vaa. Gambuti, suruali ndefu, aproni ya plastiki, miwani ya kuziba pembeni, na glavu nene za kemikali. Zile nyembamba za zahanati kiyeyusho hupenya. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata chembe, inakupa ujasiri wa bure tu. Ukiona macho yanawasha au kichwa kinazunguka, toka. Hakuna dumu la dawa linalolipa mapafu.

Ukishavaa, anza na mtaro, kisha dumu, kisha dimbwi lenyewe. Mwaga tuta la mchanga upande wa mlango na mtaro kwanza, hata kama dawa bado iko mbali nao, kwa sababu ikishapita hapo huirudishi. Dumu linalovuja ligeuze tundu litazame juu. Kitendo hicho cha sekunde mbili huokoa nusu ya dawa, na ni wachache wanaokikumbuka. Baadaye liingize ndani ya pipa kubwa zaidi. Dimbwi lifunike kuanzia kingo kuelekea katikati. Mchanga wa mto unafaa kuzuia, lakini hunywa kidogo. Udongo wa kichuguu uliokauka na kusagwa hunywa zaidi, na kwenu haununuliwi. Maranda ya seremala usiyatumie kwa EC: yananyonya vizuri kweli, ila unakuwa umetengeneza kuni zilizolowekwa mafuta. Yaache kwa SL.

Subiri inyweke, zoa kwa koleo la plastiki au kipande cha ubao, kwa sababu chuma kikikwaruza saruji hutoa cheche. Tia kwenye pipa lenye mfuniko na uandike ubavuni ni nini na tarehe gani. Sakafu isugue kwa sabuni na maji kidogo, halafu hayo maji nayo yanyweshe udongo uzoe tena. Bila ndoo, bila mpira. Ukikuta saruji imenyonya na bado inanuka, acha mlango wazi siku kadhaa na jiko lisirudi barazani mpaka harufu iishe.

Hayo ni kwa dumu moja, kama la kwako. Likiwa pipa la lita 200, au katoni kadhaa zimepasuka pamoja, usishindane nayo. Toa watu angalau mita 50 kila upande, weka kinga ya mtaro ukiwa nje kama inawezekana, piga 114. Simu hiyo ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na huhitaji kusubiri mwali ndipo upige.

Nije kwenye moto wenyewe. Nina kanuni moja ambayo wenzangu huiona ya ukali: moto wa dawa unazimwa na mwenye duka mara moja tu, kwa mtungi mmoja. Ukishindikana kwa mtungi huo, si wake tena. Mtungi wa poda kavu wa kilo 6 au 9 humalizika chini ya nusu dakika, kwa hiyo hakuna muda wa kujifunza siku hiyo. Utundike karibu na mlango, kamwe usiwe nyuma ya ghala, ili unapoufuata uwe unaelekea njia ya kutokea. Mlango uwe mgongoni mwako, simama hatua tatu hivi kutoka kwenye moto, vuta pini, lenga chini kwenye shina la mwali, fagia kushoto na kulia. Ukizimika usigeuke, kiyeyusho chenye joto huwaka tena. Mtungi wa kaboni dayoksidi unafaa pia ndani ya chumba, ila usibaki humo ukivuta hewa yake. Moto mdogo wa kwenye beseni unaweza kuufunika kwa mchanga au blanketi lililoloweshwa.

Maji ya ndoo usimwage. Ndoo ikitua juu ya kiyeyusho kinachowaka, kinaruka na kusambaa kikiwa bado kinawaka, sehemu inaelea, sehemu inageuka yale maziwa na kukimbilia nje. Umepata moto mpana zaidi na mtaro wenye sumu kwa mkupuo mmoja.

Kama mwali umeshafika rafuni, toka, rudishia mlango bila kufunga kwa ufunguo, hesabu watu wako. Madumu yaliyofungwa hupasuka kwa joto na kurusha mafuta yanayowaka, kwa hiyo wale vijana wanaosogea kupiga picha wasukume mbali. Moshi wa dawa zenye klorini ndani yake, na asetoklori, S-metolaklori na 2,4-D zote zinayo, hubeba gesi ya haidrojeni kloraidi inayochoma koo na mapafu. Mchana upepo wa kwenu mara nyingi hutoka ziwani kupanda mjini, usiku hugeuka; tazama bendera au moshi wa majiko ujue nyumba zipi ziamshwe kwanza. Aliyevuta moshi akisema yuko sawa, mpeleke hospitali ya Maweni hata hivyo. Mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye, mtu akiwa ameshalala kwake.

Zimamoto wakifika, utataka kuwaambia "zimeni, zimeni". Waambie kwanza mambo matatu: ni dawa za magugu zenye kiyeyusho, kuna takriban lita ngapi, na mtaro huu unaelekea wapi. Hilo la tatu si dogo. Tarehe 1 Novemba 1986, karibu na mji wa Basel huko Uswisi, ghala la kampuni ya Sandoz lenye zaidi ya tani elfu moja za kemikali za kilimo liliwaka. Moto ulizimwa kwa maji mengi, na maji yale yalibeba sumu hadi mto Rhine, yakaua samaki, hasa mikunga, kwa mamia ya kilomita. Mei mwaka uliofuata, mjini Dayton huko Marekani, ghala kubwa la rangi liliwaka juu ya eneo ambalo mji ulichota maji yake ya kunywa chini ya ardhi. Wakuu wa zimamoto wakaamua kuliacha liungue mpaka liishe, kuliko kuzamisha rangi kwenye maji ya watu. Mtu asiyejua kisa angesema ni uzembe.

Sisemi Kigoma waache maduka yaungue. Mwanga nyumba zimebanana, na uamuzi ni wa kamanda aliye pale, mwenye povu na magari. Nasema kamanda aujue mtaro kabla hajafungua maji, ili vijana wawili watatu wawe wanapanga viroba vya mchanga wakati wengine wanapambana na mwali. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 na maji yake hubadilika kwa mwendo wa karne, si misimu kama mto. Bomba la mji linachota humo, dagaa na migebuka ya Kibirizi inatoka humo, na nchi nne zinalitumia.

Kuhusu watu, kwa ufupi. Aliyerukiwa na dawa avuliwe nguo zote zilizoloa, viatu pia, aoshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 hadi 20. Maji hayo ya mwili wa mtu msiyahesabie, mtu kwanza. Macho vivyo hivyo, bila sabuni. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida dakika 20, dawa ya meno iacheni kwenye mswaki. Aliyemeza EC msimtapishe, kwa sababu kiyeyusho kikipanda kooni kinaweza kuteleza kuingia mapafuni, na hapo ndipo kinapoua. Maziwa si tiba yake. Mkimbizeni hospitali na chupa yenye lebo mkononi, maana daktari hawezi kutibu "ile ya kopo la kijani".

Duka lako sasa. EC zote zishuke rafu za chini, juu ya sinia au beseni pana litakalopokea uvujaji, mbali na ukuta wa fundi. Ukuta huo ni bati au tofali? Kama ni bati, cheche za upande wake zinaweza kupita kwenye tundu la msumari, nawe zungumza na mwenye nyumba leo, si mwezi ujao. Mbolea ya CAN isilale chumba kimoja na EC, maana naitreti iliyomo ndani yake hulisha moto hewa. Mbegu nazo ziwe mbali: mvuke wa 2,4-D ya esta hudhuru mimea kama nyanya, pamba na tumbaku hata bila kuigusa, na mkulima atakulaumu wewe kwa mbegu mbovu. Kuli apokee dumu kwa mikono miwili, asibebe begani. Ndoo tatu za udongo mkavu ziwe mlangoni, zimefunikwa, na kila mtu dukani ajue hazipandwi maua.

Nimalizie na mwembe. Ule mchanga una dawa karibu yote iliyomwagika. Haikupotea, imehama tu. Mvua ikinyesha itaamka na kushuka palepale ulipoizuia isifike. Kuku wanapekua hapo, watoto wanaokota embe. Vaa vilevile kama nilivyosema, uuzoe pamoja na udongo wa chini yake mpaka unapokoma kunuka, utie kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, liandike, lifungie penye kivuli mbali na moto. Usiuchome, usiuzike, na fundi ujenzi akikuomba wa kupigia lipu mnyime. Kisha mjulishe afisa kilimo na afisa mazingira wa manispaa, nao wawasiliane na TPHPA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na inayosimamia viuatilifu, wakuelekeze pipa liende wapi. Msambazaji aliyekuuzia naye mbane asaidie kulibeba. Funika shimo utakaloliacha kwa turubai usiku huohuo, kabla wingu halijatoka upande wa Kongo.